Siku Nne Bila Ruhusa

Padri alisema kwamba Sista Angèle alikuwa mtii tangu siku ya kwanza hadi siku ya mwisho. Alilisema hilo mara tatu mbele ya jeneza, katika kanisa la misheni ya Kapolowe lililojaa wanawake aliowazalisha na vijana aliowapokea kwa mikono yake walipozaliwa. Mimi nilikuwa benchi ya pili, kwa sababu familia yake ilinihesabu kama dada. Mara ya kwanza niliinamisha kichwa. Mara ya pili nilikohoa. Mara ya tatu nilisimama, na nikasema kwa sauti ambayo hata mimi sikuitarajia: "Padri, pardon. Ile neno haiko ya kweli."

Padri ni kijana. Alibaki na karatasi yake mkononi, akanitazama. "Mama Léontine," akasema polepole, maana ananijua, nilimchoma sindano nyingi alipokuwa mtoto, "tuko mu misa."

"Najua tuko mu misa, mon père. Njo maana nasema. Sista Angèle alikuwa muntu wa kazi na muntu wa sala. Lakini mutii, hapana. Kama alikuwa mutii, Kapolowe haingepata infirmière wa kuzalisha bamama. Muzike ule muntu mwenye alikuwa. Musizike mwingine."

Hakuna aliyenitoa nje. Bibi mmoja nyuma alisema, "Aseme," na wengine wakaguna kumuunga mkono, lakini mimi nilikuwa nimekwisha kusema, nikakaa. Padri alikunja karatasi, akamaliza sala bila lile neno. Jioni, ndani ya gari la kurudi Likasi, nilikaa dirishani nikiwatazama wanaume wanaosukuma baiskeli zilizobeba magunia ya mkaa, watu wamepinda migongo, na nikajiona mwoga. Nilikuwa nimewaambia watu kile ambacho Angèle hakuwa. Sikuwaambia alichofanya. Nina miaka sitini na minne, wote waliokuwapo mwaka ule wamekufa isipokuwa mimi, na nisipoandika, ile karatasi ya padri ndiyo itakayobaki.

Nchi yetu ilikuwa bado inaitwa Zaïre. Masista wa shirika moja la Hispania walipita Likasi na Kapolowe wakitafuta wasichana wenye diploma na wito. Walitupata wawili: Angèle wa Kapolowe, binti mrefu mwenye mabega ya mtu aliyebeba samaki tangu utoto, na mimi wa Panda, mtaa wa Likasi, mwembamba, mwenye maneno mengi. Tulipewa barua kwa Kifaransa, yenye muhuri, iliyosema hivi: mwaka wa kwanza mtajifunza lugha na maisha ya nyumba, mwaka wa pili mtaingia shule ya wauguzi. Angèle aliikunja ile barua mara nne, akaishona ndani ya pindo la sketi yake kabla hatujapanda ndege. Nilimcheka. Yeye hakucheka.

Nyumba tuliyopelekwa ilikuwa katika mji mdogo kwenye uwanda wa La Mancha, Hispania, mahali tambarare kiasi kwamba nilipofungua dirisha la chumba chetu asubuhi ya kwanza, nilidhani bado sijaamka sawasawa. Kwetu Likasi kila upande una kilima, na penye shimo pana mlima wa udongo uliotoka ndani yake. Kule hapakuwa na kitu cha kushika macho. Mizabibu, udongo mwekundu, mbingu. Udongo tu ndio ulionifariji, kwa sababu ulikuwa na rangi ya wetu. Chumba chetu kilikuwa cha juu, chini ya vigae, chenye vitanda viwili vya chuma na beseni ambalo maji yake yaliganda juu mwezi wa kwanza. Chini yetu kulikuwa na ukumbi wa kulia chakula, na pembeni chumba cha kufulia, na huko ndiko mwaka wetu ulikopita. Nyumba ile ilitunza wazee. Kila alfajiri mashuka yao yalitungoja sakafuni, na kila jioni yalikuwa makavu, yamekunjwa, na kesho yake yalitungoja tena. Tulikula supu ya vitunguu saumu na mkate mkavu uliolowa ndani yake, dengu siku ya Jumatano, na siku za baridi kali makombo ya mkate yaliyokaangwa kwa mafuta ya zeituni, chakula ambacho Angèle alikipenda kwa sababu aliweza kukifinyanga kwa vidole kama bukari, ugali wa kwetu. Sista mpishi alimwambia atumie kijiko. Angèle alisema ndiyo, Sista, akaendelea kufinyanga.

Baada ya miezi mitano nilikuwa nasikia Kihispania vizuri kuliko walivyojua. Mimi ni mtu wa masikio. Nilisikia wazee wakigombana, nilisikia redio, nilisikia masista wakisali haraka wanapotaka kwenda kulala. Kati ya jikoni na ukumbi wa kulia kulikuwa na kidirisha cha kupitishia sahani, chenye mlango mdogo wa mbao. Siku moja baada ya chakula cha mchana nilikuwa jikoni nasugua sufuria, na upande wa pili walibaki mezani Mama Asunción, mkuu wa nyumba, pamoja na kasisi mgeni aliyekuja kuungamisha wazee. Kasisi aliuliza kama wale wasichana wawili weusi wataanza shule mwezi wa tisa.

"Shule?" alisema Mama Asunción. Sauti yake haikuwa mbaya, na hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Alisema kama mtu anayezungumzia hali ya hewa. "Wana nguvu, hawaugui, hawalalamiki. Wakishasoma, mmoja baada ya mwingine ataondoka. Tutawaambia mwaka ujao. Wao hawahesabu miaka kama sisi."

Kasisi akasema, "Lakini waliahidiwa."

"Waliahidiwa nyumba na chakula cha roho. Wanavipata."

Niliendelea kusugua sufuria ile ile mpaka mpishi akaninyang'anya. Chumbani nilimweleza Angèle kila neno, kwa Kiswahili chetu cha Katanga, nikilia. Alinisikiliza akiwa amekaa kitandani, anavua soksi. Nilipomaliza akasema: "Beko na Mama mwingine mukubwa zaidi, ule wa ku ville, ku muji mukubwa. Njo yeye alisinya barua, sahihi ni yake. Tuende kwake."

"Tutaenda na nini? Passeport zetu Mama Asunción amezifungia mu armoire yake. Hatuna hata tiketi."

"Mu hangar kuko kinga mbili," akasema.

Kinga ndiyo baiskeli kwa watu wa kwetu. Kweli zilikuwamo bandani, nyuma ya mapipa ya mafuta, nyeusi, nzito, matairi yamelala. Zilikuwa za mzee Eusebio, mmoja wa wazee wetu, ambaye alikuwa mpeleka barua wa uwanda ule maisha yake yote: moja ni yake, nyingine ya ndugu yake aliyekufa. Eusebio alikuwa mzee mgumu, aliyetema dawa na kuwaita masista majina ya ndege. Angèle alipomwendea, wakati anambadilishia shuka, hakumbembeleza. Alimwuliza tu kama baiskeli zake zimekufa au zinalala.

"Mimi ndiye ninayekufa," alisema Eusebio. "Zile zinahitaji mafuta na mtu mwenye miguu. Mnakwenda wapi?"

Angèle alimwambia ukweli wote. Hilo lilinitia hofu, lakini yeye hakujua kusema nusu. Mzee alifumba macho mpaka nikadhani amesinzia. Kisha akaomba penseli, na juu ya foronya iliyongoja kufuliwa akachora njia: hapa vinu vya upepo, viweke mkono wa kushoto, hapa maziwa ya chumvi, msinywe maji yake, hapa kuna binamu yangu mwenye shamba la zeituni, semeni jina langu, na akinuna mtajua ni yeye. "Siku nne," akasema. "Mimi ningekwenda kwa mbili." Foronya ile haikurudi kabatini.

Shida ilikuwa moja, na ilikuwa mimi. Sikujua kuendesha baiskeli. Panda, kati ya nyumba za wafanyakazi wa mgodi, baiskeli ilikuwa ya baba, na msichana aliyeonekana juu yake alisemwa wiki nzima. Angèle alicheka mpaka akashika ukuta. "Weye unatoka Panda," akasema, "na haujue kupanda." Alinifundisha nyuma ya chumba cha kufulia, saa ambayo masista walilala mchana. Yeye alijifunza akiwa na miaka minane, akibeba samaki kutoka kandokando ya ziwa Tshangalele. Alishika kiti nyuma yangu, akakimbia, na kila nilipoanguka alisema neno moja tu: "Tena." Nilichubuka viwiko na nikapasua sketi. Siku ya tisa nilizunguka uwanja bila mkono wake, nikaligonga pipa, nikainuka kabla hajafika. Nimefanya mambo mengi tangu hapo. Nimezalisha mapacha kwa mwanga wa simu. Lakini furaha ile ya kuligonga pipa nikiwa peke yangu sijaipata tena.

Tuliondoka mwezi wa tano, asubuhi, baada ya misa, wakati kila mtu alikuwa mezani. Tulivaa vitambaa vyetu vyeupe vya kichwani kwa sababu hatukuwa na vingine. Tulikuwa na mkate, jibini, machungwa, pampu ya Eusebio na chupa mbili za maji. Eusebio alikaa dirishani. Hakutupungia mkono.

Wanaosema kwamba tambarare ni rahisi hawajawahi kukutana na upepo wa pale. Mlima una mwisho, unauona, unajipa moyo. Upepo hauna mwisho. Ulitupiga usoni tangu tulipoacha nyumba za mwisho, na tulipoviona vinu vya upepo kwa mbali, vyeupe, vimejipanga juu ya kilima kirefu chembamba, nilidhani tutavifikia kabla ya saa sita. Saa tisa bado vilikuwa palepale. Niliteremka, nikaiangusha baiskeli njiani na kukaa chini katikati ya maua mekundu yaliyoota kando ya mizabibu. Nikasema sitaki tena, turudi, tuombe msamaha, mashuka si kitu kibaya. Angèle hakunishika mkono. Aligeuza baiskeli yake, akaanza kurudi kwenye njia tuliyotoka, na upepo ukamsukuma bila yeye kukanyaga. Alikwenda mita mia hivi, akafunga breki, akarudi kwangu akihema.

"Umeona," akasema. "Kurudia ni bwepesi. Njo ile miye naogopa."

Nikainuka. Tulifika kwenye vinu jua likiwa bado juu. Mwanamke aliyetunza ufunguo wa kinu kimoja alikuwa anaanika nguo mlangoni kwake, na alituuliza kama tunakwenda kuhiji. Angèle akasema ndiyo. Tulipokuwa peke yetu nilimwambia amedanganya. Akasema hapana, ukienda kudai neno lililoahidiwa, na wewe ni sista, ile ni nini kama si hija. Yule mama alitupa mayai na vitanda vya binti zake waliohamia mjini, na kabla ya chakula alituonyesha ndani ya kinu: magurudumu ya mbao yenye meno, jiwe la kusaga, ngazi inayozunguka ukuta. Angèle aliweka kiganja kwenye jiwe. Alisema kwa Kiswahili kwamba mama yake angekuwa na kitu hiki, angekuwa na mabega mawili mazima. Yule mama aliuliza amesema nini, nikatafsiri, naye akatuongezea mkate.

Siku ya pili upepo ulilala, na tukaenda kama watu wenye haki ya kwenda. Nataka nilieleze hilo, kwa sababu ndilo nililolipata mwaka ule na hakuna aliyelichukua. Kwa miezi minane kila mlango niliopita ulikuwa na mtu wa kuniambia nipite. Sasa njia ilikuwa nyeupe, nyoofu, haina mtu, na miguu yangu ndiyo iliyoamua. Watu mashambani waliinua vichwa. Tuliwapungia. Mvulana wa kondoo alipiga ishara ya msalaba. Tuliimba nyimbo za kwaya ya Kapolowe, kisha nyimbo za baa za Likasi ambazo hatukupaswa kuzijua, na maneno yake Angèle aliyajua yote.

Mchana tulifika kwenye maziwa ya chumvi. Yalikuwa matatu, mapana, ya kina kifupi, kingo zake nyeupe kama mtu amemwaga unga, na katikati walisimama ndege wa rangi ya waridi kwa mamia, vichwa ndani ya maji. Angèle alivua viatu, akafunga sketi kiunoni, akaingia mpaka magotini. Alichota maji, akaonja, akatema. Alisimama pale muda mrefu akitazama maji yaliyofanana na ziwa la kwao lakini hayakuwa na mtumbwi hata mmoja, wala wavu, wala moshi wa kukausha samaki.

"Ziwa yenye haina samaki," akasema. "Inang'aa bule."

Tulikuwa tunavaa viatu gari la polisi wa mashambani liliposimama kando ya baiskeli zetu. Walikuwa wawili. Mkubwa wao, mwenye masharubu, aliuliza kama sisi ndio wasichana wa nyumba ya wazee. Mama Asunción alikuwa amepiga simu: wanovisi wawili, masista wanafunzi, wamepotea, na baiskeli mbili zimeibwa. Aliuliza hati zetu. Nikasema ziko kwa Mama. Aliandika kitu. Niliificha mikono yangu ndani ya mikono ya sweta. Nilijua maana yake: mtu asiye na pasipoti, mwenye baiskeli ya wizi, hupandishwa ndege ya kwanza ya kurudi kwao, na kwetu watasema tulifukuzwa kwa wizi.

Angèle alikuwa bado na mguu mmoja bila kiatu. Akasema kwa Kihispania chake cha polepole: "Bwana, hatujapotea. Tunajua tuko wapi. Na baiskeli ni za mzee Eusebio. Mpigie yeye."

Kituo kilikuwa kijiji kilichofuata. Walizipakia baiskeli, wakatuketisha kwenye benchi ukutani. Yule wa masharubu alipiga simu mbele yetu. Tulisikia upande wake tu. Ndiyo, Mama. Wako hapa, Mama. Hapana, wana afya. Nataka kuzungumza na mwenye baiskeli. Ndiyo, yeye mwenyewe. Alingoja muda mrefu. Halafu akaisogeza simu mbali na sikio, kwa sababu hata sisi benchini tulimsikia Eusebio. Polisi alijaribu kusema neno mara mbili. Mwishoni akasema, "Ndiyo, don Eusebio, ulimletea mama yangu barua zangu za jeshi, nakumbuka," akaweka simu chini.

"Amewaazima," akamwambia mwenzake. Kisha akatugeukia. "Mama yenu anaamuru mrudi. Mimi sina sheria ya kuwarudisha watu wazima kwa nguvu. Mnarudi?"

Alituuliza sisi. Angalia jinsi jambo dogo linavyoweza kukaa ndani ya mtu maisha yote. Mtu mwenye bunduki kiunoni alituuliza tunataka nini, akangoja jibu. Angèle alinitazama. Alitaka nijibu mimi, niliyelia katikati ya maua.

"Haturudi," nikasema.

Siku ya tatu tulilala kwa binamu wa Eusebio, aliyenuna kama tulivyoambiwa na kutulisha vizuri kupita wote. Siku ya nne, mchana, vumbi mpaka kwenye kope, tulibisha hodi kwenye nyumba kuu ya shirika. Mama Mkuu alitupokea mara moja, maana simu ilikuwa imetutangulia. Alikuwa mwanamke mdogo, mkavu, mwenye miwani minene. Aliuliza nani alianzisha jambo hili. "Mimi," akasema Angèle. "Mimi," nikasema. Akauliza tunataka nini. Angèle aliomba mkasi. Aliinama, akafumua pindo la sketi yake, akatoa barua, akainyoosha juu ya meza. Ilikuwa imelowa jasho lakini muhuri ulisomeka. Mama Mkuu aliisoma mpaka mwisho, kisha akaisoma tena. Ilikuwa na sahihi yake.

"Neno hili litatimizwa," akasema. "Mtaingia shule mwezi wa tisa, wote wawili. Lakini mmeiaibisha nyumba mbele ya polisi na mbele ya mji. Mtarudi, na mtapiga magoti ukumbini mbele ya masista na wazee wote, mtamwomba Mama Asunción msamaha. Bila hilo, hapana shule."

Alitupeleka mwenyewe kwa gari, baiskeli zimefungwa juu. Njia ya siku nne tuliimaliza kabla supu haijapoa. Ukumbini walikuwa wamekaa wote, vijiko mkononi, na Mama Asunción amesimama mbele ya meza kuu. Mama Mkuu aliniita jina kwanza. Nilitembea mpaka mbele, nikasimama. Nilisema: "Siwezi kupiga magoti kwa kosa ambalo si langu. Mama, wewe ndiye uliyesema hatuhesabu miaka." Uso wake ulibadilika, akatazama kile kidirisha cha sahani, akaelewa. Mama Mkuu akaningoja. Sikuinama. Akanionyesha ukuta, nikaenda kusimama pale.

Akaitwa Angèle. Na Angèle, ambaye alinitoa kwenye maua, ambaye alionja ziwa na kulitema, alipiga magoti. Nilihisi kama mtu amenisukuma. Alipiga magoti yote mawili, mgongo umenyooka, akasema kwa sauti ya kufika kwa wazee wasiosikia vizuri: "Mama Asunción, ninaomba msamaha kwa kuondoka bila kuaga. Kwa kuondoka, siombi msamaha."

Kisha Eusebio akaanza kugonga meza kwa kijiko, na mzee wa pembeni yake akamfuata bila kujua ni kwa nini, na wengine, mpaka masista wakazunguka kuwanyang'anya vijiko. Mama Mkuu alivua miwani, akaifuta. "Amepiga magoti," akasema, "na ameomba msamaha. Inatosha."

Lakini mimi nilikuwa na miaka ishirini na mmoja na niliona magoti tu. Wiki zote zilizobaki tulilala chumba kimoja na sikumsemesha ila kwa mambo ya mashuka. Mara moja aliniambia, mgongo wake ukiwa kwangu: "Weye uko na Likasi. Iko hôpital, iko docteur. Ku Kapolowe hakuna muntu. Magoti yangu inaweza kubeba ile." Nilijifanya nimelala. Mimi sikupiga magoti, sikupata shule; mwezi wa saba nilipanda ndege peke yangu, na hatukuagana vizuri. Ilipita miaka minne kabla hajarudi, muuguzi kamili, na siku moja akaingia katika wodi yangu hapa Likasi akimleta mama mwenye uchungu wa siku mbili. Tulifanya kazi usiku mzima, mtoto akalia, tukanawa mikono kwenye beseni moja. Nikamwambia pale niliyopaswa kumwambia. Akasema, "Tena," nikarudia msamaha wangu kwa sauti zaidi, na yeye akacheka hadi wauguzi wengine wakaja kuangalia. Tangu hapo hatukupoteza mwezi bila kuonana, mpaka mwaka huu.

Wako watakaosoma hapa na kuuliza nani kati yetu alifanya sawa. Nimeulizwa hata na wanangu. Hilo nimekataa kulijibu. Tulikuwa wawili, tulidai kitu kimoja, na kila mmoja alilipa kwa alichokuwa nacho. Ninachokataa ni mtu kuja leo, wakati hawezi tena kujibu, na kumfanya mpole.

Bado sijasema nilivyopata kuwa muuguzi. Niliporudi kutoka Hispania nilikuwa na barua nyingine, ndani ya bahasha iliyofungwa, kutoka kwa Mama Asunción kwa yeyote anayehusika. Nilipofika Likasi niliifungua. Ilisema mwaka mzima nilitunza wazee vizuri, na kwamba nina kiburi, na kwamba haifai kunipa nafasi ya masomo. Shangazi mmoja alinishauri niichome. Mwezi wa tisa nilitembea mpaka shule ya wauguzi ya mjini, siku ya mtihani wa kuingia. Wasichana walikuwa wamepanga foleni na barua za maparokia yao. Mkurugenzi, bwana mmoja mnene mwenye koti jeupe, aliuliza yangu iko wapi. Nikampa ile. Aliisoma, akainua macho.

"Wewe mwenyewe umesoma kilichoandikwa humu?"

"Nimesoma, bwana mkurugenzi."

"Na umeileta hata hivyo."

"Nilitaka muniingize mukijua."

Aliishika kitambo, akaigeuza kuona kama nyuma kuna neno lingine. Nyuma yangu wasichana walianza kunong'ona. Kisha akaiweka juu ya rundo, pamoja na zile za maparokia, akanionyesha dawati lililobaki, la mwisho, karibu na mlango. Nilikaa. Karatasi ziligawiwa zikiwa zimefunikwa, na msimamizi akasema mtu asifunue wala asiandike kitu mpaka kengele ilie. Nikaifunua yangu, nikaandika jina langu lote juu, kwa herufi kubwa.